Kioo Kinachopimwa kwa Urefu wa Mkono

Maharage yakishapigwa na kupepetwa, kazi inayobaki ni ya macho. Katika vijiji vya milimani Mbulu, mkoa wa Manyara nchini Tanzania, mama huketi na ungo mapajani, akayatandaza kwa kiganja, akaanza kuondoa changarawe, punje iliyooza, punje iliyotobolewa na mdudu, na bonge la udongo lenye rangi ile ile ya maharage. Mchuuzi anayesubiri gunia ataingiza mkono, atachota, atatazama, na bei itatokana na kile atakachokiona. Mtu aliyeizoea kazi hii tangu utotoni huifanya huku akizungumza, vidole vikienda vyenyewe. Kisha anavuka miaka arobaini, na msimu mmoja anajikuta ameusogeza ungo kuelekea magotini. Msimu unaofuata anaegemea nyuma ili apate nafasi zaidi. Halafu anamwita mtoto amchambulie.

Katika wilaya jirani ya Hanang mambo ni hayo hayo. Chini ya mlima wenye kimo cha mita 3,417, mfugaji wa Kibarabaig anavuta dawa ya ng'ombe kwenye bomba la sindano na hawezi tena kusoma mistari midogo ya mililita. Ndama mmoja anapata pungufu, mwingine anazidishiwa. Fundi cherehani wa Katesh anatumia muda mrefu kutafuta tundu la sindano kuliko kushona pindo. Mzee aliyetumiwa pesa na mwanawe anamkabidhi mtu mwingine simu, na pamoja na simu anakabidhi namba yake ya siri. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayejiita mlemavu wa macho. Wote wanauona mlima vizuri. Wanachokipoteza ni nafasi iliyo kati ya uso na mikono, na humo ndimo riziki yao ilimo.

Chanzo kinaeleweka. Ndani ya jicho kuna lenzi hai, laini, inayovimba kidogo kila tunapotazama kitu cha karibu na kujinyoosha tunapotazama mbali. Lenzi hiyo huanza kukakamaa tangu ujana, taratibu sana, na karibu na umri wa miaka 40 ukakamavu wake unafika mahali ambapo mwenyewe anauhisi. Hakuna dawa ya kunywa wala ya matone ambayo mzee wa Dongobesh anaweza kupewa akarudishiwa ulaini ule, na hakuna binadamu anayezeeka bila kuupitia ukakamavu huo.

Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma inayopakana na Manyara kwa upande wa Kiteto, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Zaidi ya watu 6 kati ya kila 10 wenye miaka 40 na kuendelea walikuwa na tatizo hili. Kazi walizozitaja kuwa zimewashinda zilikuwa za kila siku: kupepeta nafaka, kuchagua mchele, kupalilia, kushona, kupika, kuvisha watoto, kuwasha taa na kurekebisha utambi wake. Wenye miwani ya kuwasaidia walikuwa wachache mno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 duniani wana shida hiyo hiyo na hawajapata msaada. Wote hao wanasubiri kitu kimoja: vioo viwili na fremu.

Siku hizi tukisikia habari za teknolojia saidizi ya kuvaliwa kwa ajili ya wenye matatizo ya kuona, mawazo yetu hukimbilia kamera, vihisi na sauti za kompyuta. Vifaa hivyo vina wakati wake na watu wake. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi ingepaswa kuvipa kipaumbele, miwani ilikuwemo, pamoja na fimbo nyeupe na kioo cha kukuzia. Nimeuchagua ufundi wa miwani kwa sababu tumeuzoea mno hata hatuutazami tena, na kwa sababu nina hakika na jambo moja: miwani ya bei nafuu inahitaji fundi bora kuliko miwani ya bei ghali. Mwenye pesa akipewa miwani mbovu atanunua nyingine. Mkulima wa Kainam aliyeuza debe la maharage ili apate miwani hatarudi mara ya pili, na jirani zake watamsikia akisema kwamba vitu hivi havisaidii.

Chombo hiki kina umri mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alieleza kwa vipimo na majaribio jinsi mwanga unavyoingia machoni na jinsi unavyopinda ukipita kwenye kioo. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya, na katika miaka ya 1280, huko Italia, mafundi wakaanza kuunganisha vioo viwili vya kukuzia na kuviweka mbele ya macho ya wazee. Hata hivyo vioo hivyo vilishikwa kwa mkono au vilibanwa puani. Mikono ya miwani inayoshika kichwa juu ya masikio ilienea katika karne ya 18, baada ya wazo hilo kukamilishwa London. Zaidi ya miaka 400 ilipita kati ya kuona kwa kioo na kukivaa kioo. Msomaji wa vitabu aliweza kusubiri, maana anaweza kushika kioo kwa mkono mmoja na kufungua ukurasa kwa mwingine. Anayechambua nafaka, anayeshona na anayemshika ndama shingoni anahitaji mikono yote miwili. Kwake yeye miwani ilikamilika siku ilipoweza kukaa usoni yenyewe.

Fundi anayejua kazi yake huanza na mazungumzo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, swali lake la kwanza linahusu mikono: mama, unafanya kazi gani, na kazi hiyo unaishika wapi? Kisha anamwomba aonyeshe. Anayetunga shanga ataleta mikono karibu na kidevu. Mshonaji atainama kana kwamba cherehani iko mbele yake. Anayechagua vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inajulikana nalo, atatandaza vidole juu ya magoti. Fundi anatoa utepe na kupima kutoka jichoni hadi kwenye vidole vile.

Utepe huo ndio unaoamua nguvu ya kioo. Nguvu ya lenzi huhesabiwa kwa diopta, na hesabu yake ni rahisi: gawanya 1 kwa umbali uliopimwa kwa mita. Kazi inayofanyika sentimita 50 kutoka jichoni inadai diopta 2. Kazi ya sentimita 40 inadai 2.50. Shanga zilizoshikwa sentimita 33 kutoka usoni zinadai 3. Lakini fundi hampi mtu hesabu hiyo yote, kwa kuwa jicho la miaka 45 bado lina uwezo wake mwenyewe. Anaupima uwezo uliobaki, anaacha nusu yake iwe akiba ili jicho lisichoke, na kioo kinajazia pengo. Kama kazi inadai diopta 2.50 na jicho bado lina 2, atahesabu 1 kutoka kwenye jicho na kuweka kioo cha 1.50. Akizidisha, mvaaji ataona kila kitu kikiwa kikubwa na kikali, atafurahi pale kwenye kiti, atalipa na kuondoka. Akifika nyumbani atagundua kwamba anaona vizuri pale tu anapoinamisha shingo hadi kazi ifike karibu na pua. Shingo itauma, mgongo utauma, na miwani itawekwa sandukuni. Namheshimu sana fundi anayejizuia kutoa kioo kikali kinachoshangiliwa, akatoa kile hafifu kidogo kinachovaliwa kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kabla ya kioo chochote kuna kadi yenye kitundu. Ni kipande cha plastiki nyeusi au hata cha karatasi ngumu, kilichotobolewa tundu la upana wa milimita moja hivi. Mtu anafumba jicho moja na kutazama ubao wa kupimia kwa jicho la pili kupitia tundu hilo. Tundu dogo huruhusu miale michache tu kupita, na miale hiyo haihitaji kupindwa sana ili itoe picha safi. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, kosa liko kwenye upindaji wa mwanga, na miwani itamfaa. Asipoona vizuri zaidi, huenda shida iko kwingine: mtoto wa jicho, presha ya jicho, kovu lililoachwa na vikope, au ugonjwa wa pazia la ndani. Hapo kazi ya fundi ni kumwambia ukweli na kumpeleka kwa daktari wa macho. Kuuza miwani kwa mtu ambaye mtoto wa jicho wake ungetolewa kwa upasuaji ni kumwibia mara mbili, fedha na wakati. Kadi hiyo isiyo na thamani yoyote sokoni ndiyo inayomlinda mgonjwa dhidi ya fundi mwenye haraka.

Ubao wa kupimia nao umetengenezwa kwa busara. Badala ya herufi mbalimbali, una herufi moja, E, iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, ikipungua ukubwa mstari kwa mstari. Anayepimwa huonyesha kwa vidole upande ambao miguu ya E inaelekea. Ambaye hakwenda shule anafanya kipimo hicho sawasawa na mwalimu mkuu. Kwa kazi za karibu, fundi makini huacha kadi na kuleta vitu vyenyewe: uzi na sindano, punje za dengu, bomba la sindano lenye mistari.

Mbulu na Hanang zina jambo linaloufanya ufundi huu upendeze zaidi. Katika eneo hili dogo zimekutana lugha ambazo wataalamu huziweka katika makundi manne tofauti: Kiiraqw cha Wakushi, Kidatoga cha Waniloti, ambacho ndicho lugha ya Wabarabaig, Kinyiramba na lugha nyingine za Kibantu, na Kihadzabe cha bonde la Yaeda, ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Bibi wa Kibarabaig asiyesema Kiswahili anaweza kuketi mbele ya mpimaji aliyesomea Moshi, na kati yao pasiwepo maneno ya kutosha kuulizana kioo kipi kinafaa zaidi, cha kwanza au cha pili. Fundi ana njia ya kupima bila maneno.

Kifaa chake kinaitwa retinoskopu. Ni tochi ndogo inayotoa mstari wa mwanga, na katikati yake kuna tundu la kuchungulia. Mbinu hii ilielezwa na Cuignet, daktari wa jeshi la Ufaransa, mwaka 1873. Chumba kinatiwa giza kidogo. Mpimaji anakaa umbali wa sentimita 67, anaupitisha mstari wa mwanga juu ya mboni, na kutazama wekundu unaorudi kutoka ndani ya jicho. Wekundu huo nao unatembea. Ukienda upande uleule wa mwanga, jicho linadai kioo cha kuongeza. Ukienda kinyume, linadai cha kupunguza. Anaweka kioo cha majaribio, anapitisha mwanga tena, anabadilisha kioo. Wekundu unazidi kuwa mpana na mwepesi, hadi inafika hatua ambapo hautembei tena: mboni yote inawaka kwa pamoja na kuzimika kwa pamoja. Hapo jicho limetoa jibu lake. Mpimaji anaondoa diopta 1.50 kwa ajili ya umbali aliokaa, maana 1 ukigawa kwa theluthi mbili za mita unapata 1.50, na kinachobaki ndicho kipimo.

Kuisoma miale hiyo hakufundishwi kwa mhadhara mmoja. Mwanafunzi hupima macho ya wenzake, kisha ya watoto wasiotulia, kisha ya wazee ambao mboni zao zimekuwa ndogo kama kichwa cha kiberiti. Chuo kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa optometria, na mtu anayetoka huko akiwa na retinoskopu mfukoni amebeba uwezo mkubwa kuliko mzigo wa mashine nyingi. Betri mbili na mkono uliozoea vinatosha kupima macho ya kijiji ambacho hakijawahi kuwa na nguzo ya umeme.

Kipimo kikishapatikana, kazi inahamia kwenye milimita. Fundi anaweka rula juu ya pua ya mvaaji na kupima umbali kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya mboni ya pili. Kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 54 na 74. Macho yakitazama karibu hukutana kidogo, kwa hiyo kipimo cha kazi za karibu hupungua kwa milimita 3 au 4. Namba hii ni muhimu kwa sababu kila lenzi ina kitovu, mahali pamoja ambapo mwanga hupita bila kusukumwa kando. Kioo cha diopta 2 kikiwekwa nusu sentimita nje ya mahali pake, kinaivuta picha kando kwa sentimita 1 katika kila mita. Misuli ya macho italazimika kulirekebisha kosa hilo mchana kutwa. Mvaaji hatajua kwamba ni milimita 5 zinazomsumbua. Atasema tu kwamba miwani inamuumiza kichwa.

Kwa hiyo kila kioo huwekwa kwenye lensometa, kifaa cha kupimia lenzi, kitovu kinatafutwa, na nukta tatu za wino zinapigwa katika mstari mmoja. Siku hizi kioo chenyewe mara nyingi ni plastiki ngumu iliyobuniwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambayo uzito wake ni karibu nusu ya kioo cha kawaida kwa ujazo uleule. Kwa mtu anayefanya kazi ameinama, nusu hiyo ya uzito ndiyo inayozuia miwani kuteleza hadi ncha ya pua. Fundi analinganisha nukta na mchoro wa fremu, anabandika kishikio, na kuanza kusaga ukingo kwenye jiwe linalozunguka huku maji yakitiririka ili joto lisipasue kioo. Sauti ya jiwe hubadilika kioo kinapokaribia umbo lake, na fundi hupunguza nguvu ya mkono. Mwishoni analaza ukingo pande mbili ili pabaki mgongo mwembamba katikati, utakaoingia kwenye mfereji wa fremu.

Hapa kuna makosa mawili yaliyo karibu sana. Kioo kikiwa kikubwa kwa nywele moja, kitaingia kwa kulazimishwa, na mkazo utabaki ndani yake mpaka siku kitakapopasuka. Kikiwa kidogo kwa nywele moja, kitazunguka ndani ya fremu. Kwa kioo cha kawaida cha kusomea mzunguko huo hauna madhara. Lakini wapo watu ambao uso wa jicho lao haukupinda sawa pande zote, na kioo chao kina nguvu katika mwelekeo mmoja kuliko mwingine. Kioo cha namna hiyo kikizunguka nyuzi 30 tu, kosa linalobaki linakuwa kubwa sawa na lile alilokuja nalo mvaaji kabla ya kupewa miwani. Kazi yote ya kupima inakuwa imepotea kwa sababu ya mkwaruzo mmoja uliozidi kwenye jiwe.

Kisha inakuja pua. Fremu nyingi zinazouzwa duniani zilichorwa kwa kufuata pua nyembamba yenye daraja la juu. Zikivaliwa na mtu mwenye pua pana, hubana juu na kuacha alama, au huteleza chini na kuupeleka mbali kitovu kilichotafutwa kwa taabu. Fundi anachagua fremu yenye daraja pana, au anapanua vishikio vya pua kwa koleo, nusu milimita huku na nusu milimita kule. Anaipasha moto mikono ya fremu na kuikunja nyuma ya sikio, na kwa kuwa ni nadra masikio mawili kuwa katika kimo kimoja, mkono mmoja hukunjwa mapema kuliko mwingine. Anainamisha uso wa fremu kidogo kuelekea mashavuni, maana macho ya mtu anayefanya kazi hutazama chini. Halafu anamwomba mvaaji ainame, atikise kichwa, ajifanye ametua ndoo kutoka kichwani. Kama miwani haijasogea, amemaliza. Kama imesogea, anaivua na kuanza tena, bila kulalamika.

Je, ufundi wote huu unaweza kuwa wa bei nafuu? Jibu mojawapo limetoka Erlangen, Ujerumani, kwa mwalimu wa hisabati na fizikia aitwaye Martin Aufmuth. Alibuni mashine ya kukunjia waya inayoingia katika sanduku lenye upana wa sentimita 30 kila upande, isiyotumia umeme. Chama alichokiasisi mwaka 2012 kinawafundisha watu wa nchi mbalimbali, zikiwemo za Afrika, kukunja fremu ya waya wa chuma cha pua wenye uspringi, na kubana ndani yake vioo vilivyokwisha kusagwa. Malighafi ya miwani moja hugharimu takriban dola 1 ya Marekani, na bei ya kuuzia hukadiriwa kuwa malipo ya kibarua ya siku mbili au tatu. Waya ukikaliwa hunyooshwa kwa vidole. Ushanga mmoja wa rangi huwekwa kila upande, ili mvaaji achague rangi aipendayo. Kilichonivutia zaidi ni kwamba aliyebuni hakupunguza usahihi ili apate bei ndogo. Alipunguza idadi ya sehemu, skrubu na viungo, akaacha vipimo vya macho kama vilivyo.

Nikiisoma habari ya mashine hiyo huwafikiria wahunzi wa Kidatoga. Kwa vizazi wameyeyusha vipande vya kufuli na mabomba mabovu, wakavuta na kukunja shaba kuwa bangili, na wakafua vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvipata kwa kubadilishana nao. Nawafikiria pia wanawake wa Kiiraqw, ambao sketi zao za ngozi zilizoshonwa shanga zimehifadhiwa hata katika makumbusho ya nchi za mbali. Mkono unaojua waya utarudi ulipotoka au hautarudi, na jicho linaloweza kulinganisha shanga mia moja katika mstari, ni mtaji ambao chuo hakiwezi kuununua. Katika Mbulu na Hanang mtaji huo upo tayari. Unachohitaji ni mafunzo, vioo na mtu wa kupima.

Hii haimaanishi kwamba kila mtu anahitaji miwani iliyotengenezwa upya. Miwani ya kusomea iliyo tayari, ile ya diopta 1 hadi 3.50 inayouzwa mitaani, inamfaa vizuri mtu ambaye macho yake mawili yanalingana na yanaona mbali bila shida. Wenye macho ya namna hiyo ni wengi. Ustadi hapa ni kuwatenga kwa haki: huyu achukue iliyo tayari leo, huyu asubiri ya kusagwa, huyu aende hospitali. Mhudumu wa afya wa kijiji, akiwa na ubao wa E, kadi ya kitundu, utepe na sanduku la miwani ya nguvu mbalimbali, anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo siku ya mnada, watu wanapokusanyika kwa mifugo na bidhaa.

Kinachoniudhi ni mzigo wa miwani iliyokwisha kutumika, inayokusanywa nchi tajiri na kumwagwa mezani ili wazee wajaribu moja baada ya nyingine. Miwani ile ilisagwa kwa ajili ya mboni za mtu mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza mizigo ya namna hiyo na kukuta kwamba asilimia 7 tu ilifaa kutumika, na ukihesabu gharama za kukusanya, kusafisha, kupima na kusafirisha, kila miwani iliyofaa iligharimu zaidi ya dola 20. Miwani mpya ya waya, iliyopimwa usoni pa mvaaji mwenyewe, ingegharimu sehemu ndogo ya fedha hizo. Hisani isiyopima inaishia kuwa ghali.

Kuna kundi moja ambalo huupima ufundi huu hadi ukomo wake. Tanzania ina watu wengi wenye ualbino. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400. Ukosefu wa rangi ya asili hauathiri ngozi peke yake. Pazia la ndani la jicho halikui kikamilifu, mwanga mkali huumiza, na macho huchezacheza yenyewe bila kutulia. Kupima jicho linalocheza kwa retinoskopu kunadai subira kubwa: mpimaji husubiri nukta ile fupi ambapo mboni inapita mbele ya mwanga, akaisoma, akasubiri nyingine. Hata akipata kioo sahihi, mtoto huyo hataona kama wenzake. Ataona kwa kiasi kilichowezekana, na kiasi hicho kinaweza kumvusha shule. Kwake fundi huongeza kioo cha rangi, kofia yenye ukingo mpana, pengine kioo cha kukuzia cha mkononi, na neno moja kwa mwalimu: mwache alete kitabu karibu na uso kadiri apendavyo, hakimwumizi. Neno hilo halina gharama yoyote, na bila hilo vioo vyote vingekuwa bure.

Manufaa ya kazi hii yamepimwa. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji wenye miaka 40 na kuendelea waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miwani ya karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba ongezeko la uchumaji wao lilizidi lile la wenzao kwa karibu asilimia 22. Nchini Bangladesh, utafiti wa mwaka 2024 uliwafuatilia mafundi, wakulima na wachuuzi, na kipato cha waliopewa miwani ya kazi za karibu kilipanda kwa takriban theluthi moja. Chuma majani ya chai, chambua maharage, palilia ngano changa bila kung'oa mche: ni mikono ile ile na umbali ule ule. Halmashauri inayotafuta njia ya kuinua kipato cha wakulima wadogo ingepata hapa mradi wenye gharama ndogo na ushahidi mkubwa, na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo imewahudumia watu wa nyanda hizi tangu 1955, inaonyesha kwamba huduma nzito inaweza kuota mizizi mbali na miji.

Kwa hiyo ukiona ungo umeanza kusogea, au umekwenda na mzazi wako kupimwa, nenda na kazi yenyewe. Beba sindano na uzi, au simu, au chupa ya dawa ya mifugo yenye maandishi madogo. Keti kama unavyoketi kazini, shika kama unavyoshika. Dai kupimwa umbali wa mboni, na uliza kama macho yako mawili yanalingana. Vaa miwani kwa muda, na ikibana au ikikuumiza kichwa, irudishe irekebishwe. Fundi mwema atafurahi ukimsumbua hivyo, kwa kuwa anajua kwamba miwani inayokaa sandukuni imeshindwa, hata kama kioo chake hakina kosa.